Leo Tunamchoma Shangazi

3 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, ila sijui kama shikamoo hii naitoa kwa mtu au kwa hewa. Kama anayesoma barua hii si Shangazi bali ni mpangaji mpya, samahani kwa usumbufu, itupe tu.

Ni mimi Panzi, mwana wa kaka yako. Jina hilo ulinipa wewe kwa sababu nilikuwa situlii, narukaruka toka kiti hiki hadi kile. Siku hizi nimetulia mpaka mke wangu analalamika. Nina duka la miwani, kutwa nzima nawatazama watu usoni kwa karibu na kuwauliza, "Unaona vizuri kwa hii au kwa ile?" Nina binti mmoja wa miaka mitano, tunamwita Kasuku, maana kila anachosikia anakirudia, hasa kile ambacho hukutaka kirudiwe. Mama alitutoka zamani. Baba yupo. Mwezi uliopita alipasuliwa mtoto wa jicho, na hapo ndipo habari hii inapoanzia.

Walimpa dawa ya kumtuliza. Nimekaa kando ya kitanda chake, jicho limefunikwa pamba, mara akasema kwa sauti safi kabisa, "Mmemwandikia dada yangu?" Nikamuuliza dada yupi. Akanitajia anwani yako yote, sanduku la posta na mji, kama anayeisoma ukutani. Alipozinduka nikamrudishia maneno yake. Akasema nimeota.

Shangazi, katika nyumba hii nimeambiwa nimeota tangu utotoni. Acha nikuambie ninachokiamini, hata kama utanicheka. Hadithi ya sikukuu yetu ya Holi unaijua kuliko mimi: mfalme aliyetaka aabudiwe yeye tu, mwanawe akakataa, mfalme akamwita dada yake, Holika, mwenye shali isiyoungua, aingie motoni na mtoto mapajani ili mtoto ateketee. Upepo ukaihamisha shali ikamfunika mtoto. Mtoto akatoka mzima, shangazi mtu akawa majivu. Basi kila mwaka, mwezi ukiwa mpevu na baridi ikianza kuondoka, tunawasha moto wa kumchoma Holika, na kesho yake tunapakana rangi. Nyumbani tulifanya mzaha. "Leo tunamchoma Shangazi!" Na wewe ukiitikia, "Nichomeni tu, kesho nitawapaka rangi mpaka ndani ya masikio!"

Mwaka ule nilikuwa na miaka mitano. Tukaenda kumchoma shangazi. Kesho yake hukuwepo. Kesho kutwa hukuwepo. Picha yako ikatoweka ukutani, ukabaki msumari. Kila nilipouliza, watu wazima walitazamana, kisha mmoja akakumbuka kuwa ana kazi jikoni. Nikajumlisha mwenyewe. Niliamini walikuchoma kweli. Mpaka leo, na ndevu zangu hizi, kuna mahali ndani yangu panapoamini hivyo.

Juzi mwalimu wa Kasuku aliwataka watoto waeleze sikukuu za kwao. Kasuku akasimama, akasema kwa sauti, "Sisi tunamchoma shangazi." Tukaitwa shuleni. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitoka nje nikatafuta karatasi ya barua hii.

Kama uko hai, niandikie mstari mmoja tu.

Mwanao,
Panzi


22 Oktoba

Panzi wangu,

Marahaba, mwanangu. Huyu ni mtu, wala si hewa. Hewa haipandi ngazi kwa kuguna na kushika magoti.

Samahani kwa kukuweka roho juu. Barua yako haikuchelewa njiani, aliyechelewa ni mimi. Niliiweka chini ya birika, nikawa nachemsha chai bila kuisogeza.

Habari za huku ni njema. Naishi chumba kimoja juu ya duka la makomeo na bawaba, kwa hiyo kutwa nasikia watu wakijaribu milango isiyo na nyumba. Nafanya kazi kiwanda cha nyuzi, chumba cha nyuma, kwenye mapipa ya rangi. Mchanganyaji ni mimi. Wakitaka wekundu wa nyanya iliyoanza tu kuiva, si mbichi wala si ya kuoza, hawampigii kelele mtu mwingine. Buluu imeniingia kwenye kucha, haitoki. Nimejaribu sabuni, ndimu, hata jiwe la kusugulia miguu. Nikaona niiache ikae, imeshakuwa ndugu. Basi mikono yangu inacheza Holi mwaka mzima, hata kama mwenye mikono hachezi.

Nilipofika pale pa "sisi tunamchoma shangazi" nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Nikaisoma tena. Safari ya pili sikucheka. Pole, Panzi. Pole sana. Tulikubaliana wakuambie nimesafiri, basi, neno moja tu hilo. Lakini kaka yangu uongo haumkai mdomoni, akaona bora anyamaze. Namlaumu kwa hilo na mengine simlaumu.

Na ile picha hakuna aliyeitoa ukutani. Niliichukua mimi. Nilitaka niwe nayo.

Niliondoka kwa sababu nilipata kazi. Ndiyo hivyo. Usichimbe.

Sasa nipe ya nyumbani. Mlango wa nyuma bado unakwama? Tulikuwa tunausukuma kwa bega, na mtu akiingia na chokaa begani hatukuwa na haja ya kumuuliza amepita wapi. Baba yako bado anamimina chai kwenye kisosi na kuipuliza kama anayezima taa? Mwambie... Hapana. Usimwambie kitu. Kasuku mpe busu la shavuni.

Shangazi yako


1 Novemba

Shangazi yangu,

Shikamoo tena, na safari hii naitoa kwa mikono miwili. Uko hai! Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi ya dukani mara nyingi mpaka msaidizi wangu akadhani ni jina la mteja.

Barua yako niliifungua kazini, mzee mmoja amekaa kitini na fremu ya kupimia usoni. Nikamsahau pale pale. Mwisho akauliza, "Daktari, mbona unalia? Macho yangu ni mabaya kiasi hicho?"

Mlango bado unakwama. Kisosi kipo. Baba anapuliza.

Umesema nisichimbe. Sitachimba, ila kuna kitu kimejitokeza chenyewe juu ya ardhi, na sina mwingine wa kumwambia. Kuna mwanamke ninayemwona. Tangu mwaka ule, kila baridi inapolegea na watu wanapoanza kukusanya kuni za Holi, anakuja. Haji usiku. Anakuja alasiri nikijilaza baada ya chakula, jua likiwa limejaa chumbani. Anasimama miguuni pa kitanda, amevaa nyeupe, ananuka moshi na dawa. Ana kila kitu isipokuwa uso. Mahali pa uso pana weupe mtupu. Ananyoosha mkono, na mimi naamka nimelowa jasho chapachapa. Nimeishi naye kama watu wanavyoishi na jirani mbaya, ukishindwa kuhama unazoea.

Ila sasa amefika kwa Kasuku. Unajua desturi, mtoto katika Holi yake ya kwanza hubebwa na kuzungushwa moto ili mwaka umtazame vizuri. Kasuku alipozaliwa ilikuwa zamu yangu. Nilimbeba mpaka pale joto linapoanza kugusa uso, miguu ikagoma. Ikagoma kabisa, Shangazi, mbele ya watu. Mama mkwe alinipokonya mtoto akamzungusha yeye. Tangu siku hiyo mke wangu akinikasirikia ana sentensi moja tu: "Mtoto huyu ana baba, au ana picha ya baba?" Na wiki iliyopita Kasuku ameamka usingizi wa mchana analia, anasema kuna mama hana uso amesimama kitandani. Naapa sijamsimulia. Labda naongea nikiwa usingizini naye anarudia, si ndiyo kazi yake. Labda. Lakini nywele zilinisimama.

Sitaki kumwachia mwanangu urithi huu. Machi nataka nimbebe niuzunguke moto, hata kama ameshakuwa mzito. Najijua, sitaweza mpaka nikuone umesimama pale pale, hujaungua. Njoo. Nitakuja kukupokea kituoni mwenyewe.

Mwanao,
Panzi


15 Desemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Posta nimeshawasingizia vya kutosha. Najua barua yangu unayo, iko chini ya birika.

Hatujambo. Kasuku ameng'oka jino, anaongea kwa mluzi. Mke wangu anakusalimu, anasema mtu aliyenilea mimi nilivyo mtundu lazima awe na moyo, kwa hiyo anakutaka uje umsaidie.

Baba ameiona barua yako. Niliisahau mezani, na ile miwani niliyomtengenezea baada ya upasuaji inasoma mpaka bei ya duka la ng'ambo. Aliishika muda mrefu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akauliza tu, "Mwandiko wake bado mzuri hivi?" Akaingia chumbani kwake, nikasikia sanduku la bati likiburutwa chini ya kitanda, akatoka na shali ya sufu nyeupe. Upande mmoja umeliwa na moto, umekuwa mgumu kama gamba. Akaniwekea mapajani. "Mwambie bado ipo," akasema, akaenda kumwagilia maua ambayo yalikuwa yameshamwagiliwa.

Nilifunga mlango nikaivaa mbele ya kioo. Nina kovu begani, dogo, la ukubwa wa jani. Mama aliniambia ni maziwa ya moto, nilijimwagia nikiwa mtoto. Nilipoizungusha shali vile mtu anavyomfunga mtoto, sehemu iliyoungua ikaja kukaa karibu kabisa na kovu.

Shangazi, maziwa hayaunguzi shali.

Panzi


26 Januari

Panzi,

Marahaba. Mwambie mke wako nimempenda bure. Mwambie pia baridi ya huku imetia ukaidi, rangi haishiki kwenye uzi mpaka niibembeleze kama mgonjwa asiyetaka uji.

Nilinyamaza kwa sababu uliandika neno "hujaungua". Ungeandika lingine lolote ningekujibu siku hiyo hiyo.

Haya. Umeivaa shali, basi umeshajua nusu. Nusu nyingine ni hii. Jioni ile watu walikuwa wanatupa nazi na punje za nafaka motoni, kama kawaida. Ulikuwa na nazi yako, umeikumbatia tangu mchana, hutaki mtu aiguse. Ukaitupa, ikaanguka pembeni, haikufika. Mtu mwingine angeiacha. Wewe Panzi bwana! Ukairukia. Hakuna aliyekusukuma, hakuna aliyekuwa mzembe, usije ukamkalia baba yako kooni. Shati likashika moto. Mimi nilikuwa karibu kuliko wengine, na huo wala si ushujaa, ni mahali tu niliposimama. Nikakufunika, nikakukumbatia, nikainama juu yako. Shali ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili.

Nimeifikiria sana hadithi ile, maana kwenye chumba cha mapipa mtu ana nafasi ya kufikiri. Wanasema upepo ulivuma ukaihamisha shali. Upepo gani huo unaojua kuchagua? Mimi nimekuwa ndani ya moto na mtoto wa kaka yangu mikononi. Mtoto akiogopa anakushika shingo. Hakuulizi umekuja kwa wema au kwa ubaya, anakushika tu, kwa nguvu zake zote. Naamini yule mwanamke aliingia motoni akiwa katumwa, kisha akashikwa shingo, akaivua shali mwenyewe. Haisimuliwi hivyo, najua. Makuhani waje waniulize mimi. Kila mwaka tunawasha moto kushangilia kwamba ubaya umeteketea, na sikatai, nao uteketee. Ila kila mwaka mimi huwa namlilia kidogo yule shangazi, hata zile zama nilipokuwa bado nacheka nanyi.

Basi niliungua kiasi. Nikatibiwa. Nikapata kazi. Hadithi imeisha, na nyie endeleeni kula nazi zenu.

Shangazi yako


8 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimekuwa nikiianza barua hii na kuichana. Wa nyumbani wote wazima, tusipoteze wino hapo.

Kwanza, asante. Nimekaa nikitafuta neno kubwa kuliko hilo nikakosa. Asante.

Pili, kumbe sikuota. Nilimwona shangazi yangu akiungua, na watu walionipenda wakanishika mabega wakaniambia nimeota. Nimemkasirikia Mama na yuko kaburini, nimemkasirikia Baba na yuko sebuleni, na hasira haina pa kwenda, kwa sababu najua wangesema nini: ulikuwa mtoto.

Tatu, umesema uliungua kiasi. Hukusema wapi. Mtu akiniambia haoni vizuri, nisipomuuliza jicho lipi, mimi ni fundi gani?

Nimemfikiria yule mwanamke wa alasiri. Harufu ya moshi, sawa, ndoto inaweza kubuni. Lakini dawa? Mtoto wa miaka mitano anabunije harufu ya dawa ya hospitali? Na weupe ule mahali pa uso. Jana nilikuwa namfungia Kasuku goti kwa bandeji, kaanguka shuleni, nikaona mkono wangu umesimama hewani.

Nilienda kwa Baba nikamuuliza, bila kukaa. Nikasema, "Alirudi, sivyo? Alikuja chumbani kwangu." Akaweka kisosi chini. Akasema, "Ulipiga kelele 'Holika, Holika', majirani wakaja wakidhani nyumba inaungua. Akatoka kwa mlango wa nyuma." Hayo tu. Lakini ni mengi kuliko aliyowahi kuniambia katika maisha yangu yote.

Shangazi, ilikuwa wewe?

Panzi


23 Februari

Ndiyo.

Ilikuwa mimi. Nilitoroka wodini mchana, manesi wanakula. Nilitaka nikuone kwa macho yangu kwamba u mzima, maana kila aliyekuja kunitazama alisema "hajambo, hajambo" na mimi sikuwa naamini mtu. Ulikuwa umelala. Nikanyoosha mkono nikuguse mguu tu. Ukafumbua macho, na mbele yako kichwa cha bandeji kinanuka moshi. Hata ningekuwa mimi ningepiga kelele! Sikukukasirikia hata kidogo, na ukinijibu kwa kuniomba radhi nitairudisha barua bila kuifungua.

Kwa bandeji peke yake nisingeondoka. Bandeji hutoka. Zilitoka, nikangoja mpaka nikaona ninaweza kujitazama kidogo, nikaja tena, safari hii nikasimama nje ya dirisha. Ulikuwa unacheza sakafuni. Ukainua kichwa ukaniona. Hukupiga kelele. Ulijikojolea pale pale umekaa, ukaendelea kunitazama. Nikajiambia, mtoto huyu nimemtoa motoni, sasa moto ni mimi. Nikamwomba kaka yangu akuambie nimesafiri, kisha asikutajie tena jina langu mpaka usahau. Aliapa, na amekitunza kiapo kuliko nilivyotaka.

Hukusahau. Tulikosea wote wawili, mimi na yeye. Tulifikiri mtoto ukimnyima jina la kitu, hicho kitu kinakufa.

Upande wa kushoto, kama bado unataka kujua. Kutoka kwenye sikio hadi kidevuni.

Sasa sikiliza. Siku ya moto siji. Siwezi, nami nina miguu inayogoma. Siku ya rangi, labda. Siku ile ndiyo pekee ambayo kila mtu hana sura. Tajiri na mfagiaji wake hawatofautiki, mliogombana mwaka mzima mnakumbatiana kabla hamjajuana ni nani, mrembo wa mtaa na mimi tunakuwa sawa. Ukiniuliza mimi, Holi iliwekwa kwa ajili hiyo. Siku moja Mungu anaona huruma, anatupaka wote uso mmoja. Kwa hiyo labda. Ila usije kituoni, usiniulizie, usinitafute kwenye umati. Ukinitafuta nitajua, nitaondoka.

Mtoto mzungushe bila mimi. Sasa unajua nilipo. Niko hai, niliungua, na moto ule ulishapata chake. Hauna deni na wewe wala na Kasuku.

Shangazi yako


19 Machi

Panzi wangu,

Marahaba ya mapema, kabla hujanisalimu, maana leo nina furaha na sitaki kungoja.

Nilikuja! Sikufika hata kwenye kona yenu, mama mmoja mnene akanimwagia ndoo nzima ya maji mekundu, akanikumbatia, akasema "Ni Holi, usikasirike!" Nilitaka kumwambia arudie. Mpaka nafika getini nilikuwa nimerushiwa rangi na nusu ya mtaa, sina pua wala nyusi, nguo yangu nyeupe haikumbuki ilikuwa rangi gani.

Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye kiti getini na sahani ya unga mwekundu, anampaka kila anayeingia kwenye paji. Amezeeka, Panzi! Hamkuniambia amezeeka. Nikainama mbele yake kama wengine. Akapaka, akasema, "Karibu ndani, mama," macho yake yakiwa kwenye sahani. Nikapita. Nilijiuma mdomo nusura niutoboe.

Kasuku nilimjua kwa mluzi wa lile pengo. Nilimpaka rangi ya waridi puani. Akaniuliza, "Wewe nani?" Nikamwambia mimi ni rafiki wa yule mama anayekuja mchana bila uso. Akatoa macho. Nikamwambia asiogope, yule mama aliusahau uso wake kwenye nyumba hii siku nyingi, alikuwa anakuja kuutafuta tu, na sasa ameupata. Akafikiri kidogo akasema, "Haya." Kisha akanirushia maji.

Na wewe ukaja mbio, mikono imejaa kijani, unapiga kelele kama mwehu, "Usikasirike, ni Holi!" Ukanishika mashavu yote mawili. Kwa viganja vyote. Upande wa kushoto pana mabonde na matuta, mtu hawezi asiyasikie, nikangoja mikono yako ishtuke. Haikushtuka. Ukanipaka mpaka ndani ya masikio, ukacheka, ukamkimbilia mwingine. Hukunijua, na ndivyo nilivyotaka.

Shavu lile lilikuwa halijaguswa na mkono wa mtu tangu daktari wa mwisho. Nilirudi kwa njia ile ile, nikafika, nikakaa kitandani. Nilichelewa sana kunawa.

Basi, nimepata changu. Tuendelee na barua, zinatutosha.

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kumbe nyie ndugu wawili hamjui kudanganya wala kudanganywa.

Nilijua. Nilijua toka getini. Unafikiri Baba alikuwa anaangalia sahani kwa sababu gani? Ulipopita tu aliiweka chini, akavua ile miwani niliyomtengenezea akaanza kuifuta kwa nguo iliyojaa rangi, akaiharibu kabisa. Akaninong'oneza, "Ni yeye. Usimshtue." Nikajificha nyuma ya nguzo kwanza nipate pumzi. Niliona mikono yako ukimpaka Kasuku. Watu wote siku ile walikuwa na rangi ya siku ile. Wewe ulikuwa na buluu ya zamani, iliyokaa ndani ya kucha. Nikaja mbio kwa sababu Panzi akija polepole ungetambua. Na mikono yangu haikushtuka kwa sababu ilikuwa inajua inakokwenda. Nilicheka kwa nguvu vile ili nisilie mbele yako, kisha nikaenda kulilia kwenye bega la yule mama mnene.

Sikukuambia, kwa kuwa ulisema ukitafutwa utaondoka. Nami sikukutafuta. Ulikuja mwenyewe.

Jioni ya moto nilimfunga Kasuku ile shali, nikambeba. Joto liliponigusa uso miguu ilisimama. Nikasema kwa sauti, kama kichaa, "Niko hai, niliungua," yaani maneno yako, na miguu ikaenda. Tulizunguka mara tatu. Mke wangu alikuwa anahesabu kwa sauti ya kulia. Tulipomaliza, Kasuku akauliza mbele ya umati mzima, "Mbona leo hatumchomi shangazi?" Baba ndiye aliyejibu. Akasema, "Shangazi yuko njiani." Alisema "Shangazi", kwa mdomo wake.

Juzi alasiri nilijilaza. Alikuja, yule mama. Akasimama pale pale anaposimama siku zote, na jua lile lile. Ana uso, Shangazi. Ana kijani mashavuni. Alinishika mguu kidogo, akatoka taratibu, nami nikaendelea kulala.

Barua hazitutoshi. Njoo siku ya kawaida, siku isiyo na rangi, umenawa. Usipitie getini kama mgeni. Mlango wa nyuma fundi alitaka kuurekebisha, Baba akamfukuza, amesema ukirekebishwa hatutajua nani ameingia. Usukume kwa bega.

Safari hii sitapiga kelele.

Mwanao,
Panzi